Avae Yeye Kwanza

Mama mkubwa alinipigia simu mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, akaniambia viwavijeshi wameingia kwenye mahindi yake na bomba lake la kupulizia limekufa. Nikamwambia nitamnunulia jipya Morogoro mjini kabla sijapanda gari. Akakataa. "Nunua hapahapa Mkuyuni, kwa yule mama mwenye duka la pembejeo," alisema. "Yule analima. Huko mjini watakuuzia boksi tu."

Gari la Mvuha likishaipita Bigwa hushika njia ya Kisaki, na Milima ya Uluguru hukaa mkono wa kulia. Huu ndio upande unaoitazama Bahari ya Hindi. Upepo hupanda hapa na unyevu wake wote, ndiyo maana misitu ya juu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na vijito vinavyoshuka humo huingia Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Kuanzia Kiroka migomba inasogea hadi ukingoni mwa barabara, kisha minazi, mifenesi na michungwa, na hapa na pale mpilipili manga uliojizungusha kwenye shina la mti mwingine. Njia hii naijua tangu utotoni na sijapata kuichoka. Wakati wa mvua gari huenda kwa matakwa ya utelezi, na abiria hupata nafasi ya kusikilizana.

Kijana aliyekaa karibu nami alikuwa na begi refu ambalo zipu yake haikufunga. Mapezi mawili ya mpira yalichomoza juu kama makasia, na mtoto aliyekaa mbele yetu hakuacha kugeuka kuyaangalia. Mwishowe kijana akayatoa, akamwonyesha jinsi yanavyovaliwa mguuni, na nusu ya gari ikapata somo. Alikuwa mwenyeji wa Mkuyuni anayefanya kazi Utende, kisiwani Mafia, kwenye duka linalowapeleka wageni kuzamia na kuwauzia vifaa vya kuzamia. Masika yakianza hoteli nyingi za kule hufunga. Papa potwe wa Kilindoni, ambao wageni huwafuata kuanzia Oktoba, wanakuwa wameondoka, na wafanyakazi hurudi makwao. Alikuwa amevuka kwa boti hadi Nyamisati, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akamalizia na treni ya umeme hadi Morogoro. Alikuwa anakwenda kumsaidia mjomba wake shambani.

"Haya mapezi ni ya ofisi?" nilimuuliza.

"Ni yangu, dada. Ila ofisi ndiyo iliyonichagulia."

Kazini kwao, kila anayeongoza wageni chini ya maji sharti azamie na vifaa vilevile vinavyouzwa dukani: miwani, suti ya mpira, mapezi, jaketi la kuelea, regulata ya kupumulia. Ukija na vya kwako vya aina nyingine, unaviacha nyumbani. Nilidhani analalamika. Hakuwa analalamika, na alinieleza sababu zake kwa namna iliyonifanya niache kuangalia nje.

Mgeni anayejifunza, alisema, hutazama mwili wa mwalimu kuliko anavyosikia maneno yake. Chini ya maji maneno hayapo. Mkono wa mwalimu ukienda kwenye kitufe cha kupunguza hewa kwenye jaketi, mkono wa mgeni unaufuata, na kitufe kikiwa mahali tofauti, mgeni anababaika, na kubabaika kwenye mita 15 si jambo dogo. Pili, siku mgeni akipata shida, kiongozi lazima ajue kwa vidole tu, bila kuona, bizimu inafunguka upande gani na regulata ya akiba imening'inia wapi. Vidole hujifunza hivyo kwa kukivaa kifaa hichohicho kila siku. Tatu, regulata ni kitu cha kufunguliwa na fundi na kubadilishwa vipuri kwa ratiba, na duka dogo la kisiwani haliwezi kuweka vipuri vya kila kampuni duniani. "Mimi mwenyewe nikimwona mwalimu anauza hiki na anavaa kile," alisema, "sinunui."

Nilimwelewa. Na ukitazama historia ya kazi hiyo, kuuza na kufundisha havijawahi kukaa mbalimbali. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kilichomwezesha mtu kupumua hewa ya mtungi akiogelea huru, bila bomba la kumuunganisha na mashua. Kifaa kikaingia madukani kabla shule za kukifundisha hazijasambaa. PADI, chama ambacho vyeti vyake utavikuta kwenye kuta za vituo vya kuzamia kuanzia Nungwi hadi Mafia, kilianzishwa Marekani mwaka 1966 na marafiki wawili: Ralph Erickson, aliyekuwa mwalimu, na John Cronin, aliyekuwa mwuzaji wa vifaa wa kampuni ya U.S. Divers. Mwalimu na mwuzaji, meza moja. Sioni aibu yoyote hapo. Mtu anayekufundisha kupumua chini ya bahari akikuuzia kile anachopumulia yeye mwenyewe, amekuweka salama kuliko duka linalokuletea kifurushi kwa posta.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea mabondeni ndipo akaniambia yaliyobaki. Vifaa vile havikuwa vya bure. Siku ya kwanza ya kazi aliwekewa karatasi kadhaa mbele yake, akazisaini zote, na mojawapo ilisema gharama itakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Alikuwa bado hajamaliza kulipia jaketi la kwanza, duka likaleta toleo jipya, na viongozi wote wakatakiwa kubadilisha ili wageni walione majini. Deni likaongezeka juu ya deni. Hata hilo alilisimulia kwa utulivu. Kilichombadilisha sauti ni jambo jingine. Jaketi lile jipya lilikuwa na valvu ya begani iliyovuja baada ya miezi michache ya chumvi, hewa ikawa inatoka kidogokidogo. Alimweleza msimamizi. Akaambiwa atengeneze la kwake na asilitaje mbele ya wageni.

"Sasa mimi navaa ili waamini," alisema. "Na ninajua."

Katika safari ile yote sikusikia maneno mazito kuliko hayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, inayotumika Mafia kama inavyotumika Mkuyuni, haimruhusu mwajiri kukata mshahara ila pale ambapo sheria, makubaliano ya pamoja au amri ya mahakama inaruhusu, au pale mfanyakazi alipokubali kwa maandishi kulipa deni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Na nyuma ya sheria za nchi uko Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaosema mwajiri akiwa na duka linalowauzia wafanyakazi wake, asiwashurutishe kununua humo. Kilichofanya mkataba huo uandikwe ni karne nzima ya migodi na mashamba ambako mshahara ulitoka dirisha moja na kurudi dirisha la pili. Desturi hiyo haikufa, ilibadilisha nguo tu. Mwaka 2003 kampuni ya mavazi ya Abercrombie & Fitch ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza madai ya jimbo la California kwamba wauzaji wake walilazimishwa kununua nguo za dukani ili wazivae kazini. Msichana anayekunja fulana alikuwa anailipia nafasi ya kuwa tangazo. Kijana wangu wa Mafia alikuwa hivyo pia, isipokuwa yeye pumzi yake ilikuwa ndani ya hilo tangazo, na saini yake ilikuwa kwenye karatasi.

Mkuyuni tuliteremka pamoja, tukaagana njia panda. Siku hiyo mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa pembeni ikisubiri magari ya Dar es Salaam, na watu walikuwa wanatembea na malapa mikononi kwa sababu ya tope.

Duka la pembejeo ni chumba kimoja chenye harufu ya salfa na mpira mpya. Rafu ya kushoto ina mbegu, pakiti zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu ambayo makao yake makuu yako Morogoro. Rafu ya kulia ina viuatilifu, vimefungiwa nyuma ya wavu. Juu zinaning'inia gambuti na mabomba ya mgongoni, na kando yake boksi la glavu ambalo vumbi lake linaonyesha kwamba wateja hawaligusi. Mwenye duka ni mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mama mkubwa kabla sijasema ninataka nini. Kisha akamwita binti anayemsaidia, kwa sababu, alisema, mabomba ni ya binti.

Nilidhani ana maana ya biashara. Alikuwa na maana ya mgongo. Nyuma ya duka kuna kipande cha mahindi, na hakuna anayeruhusiwa kuuza bomba dukani humo kabla hajalibeba likiwa limejaa na kumaliza kipande chote nalo. Bomba ni la duka, dawa ni ya duka, gambuti, glavu na barakoa ni vya duka, na siku ya kupulizia inalipwa kama siku nyingine yoyote ya kazi. Binti ameshapulizia kwa kila aina iliyoko ukutani. Alinishushia la kwanza, akasema papo hapo, bosi wake akiwa amesimama hatua mbili tu: "Hili dada lina nozeli nzuri, lakini ikifika msimu wa pili linavuja kwenye kifuniko, na dawa inakushukia kiunoni. Ukilichukua, chukua na mpira wa akiba." Mama hakumkatiza. Aliendelea kupima mbegu za mchicha kwa kijiko.

Akanieleza pia habari ya viwavi. Hawa ni viwavijeshi vamizi, wadudu wa asili ya Amerika walioingia Tanzania mwaka 2017, na mchana hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, kwa hiyo anayepulizia majani ya nje saa sita za jua anaosha shamba tu. Inafaa asubuhi au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, nozeli ikielekezwa kwenye moyo wenyewe, mche kwa mche. Alijua hayo kwa sababu mara ya kwanza yeye mwenyewe alipulizia mchana. Glavu aliniambia ninunue, na alipoona nasita akanionyesha viganja vyake, laini, bila mabaka, akaniambia nimtazame anayepulizia kwa mikono mitupu miaka mitano mfululizo.

Hakuna nembo iliyomfanya anishawishi hivyo. Alinishawishi kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kusema kifaa kina kasoro. Nimekaa na jambo hili tangu siku ile na nimeshika upande: mwenye duka ana haki ya kumtaka mfanyakazi atumie kile anachouza, tena afanye hivyo, lakini haki hiyo anaipata akishatimiza mawili. Akitoe yeye kifaa, na aache mdomo wa aliyekivaa wazi. Ukilitoa la pili, kuvaa kunageuka kuwa uongo unaotembea, na unatembea na mwili wa mtu mwingine.

Wala kutumia peke yake si ushahidi wa kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 J. Gordon Edwards, profesa wa elimu ya wadudu huko San Jose, California, alikuwa akimeza kijiko cha DDT, dawa ya kuua wadudu, mbele ya hadhira yake ili waone haina neno. Aliamini anachokisema, na aliishi miaka zaidi ya 80. Lakini kesi ya DDT, iliyoifikisha nchi yake kuipiga marufuku mwaka 1972, haikuwa tumboni mwake. Ilikuwa kwenye maganda ya mayai ya tai na kozi, yaliyokuwa membamba hadi yakavunjika chini ya mama zao. Anayejijaribia kitu athibitishe pale panapouma. Binti wa Mkuyuni alibeba bomba kwenye kiuno ambacho dawa ingedondokea, na hapo ndipo neno lake lilipopata uzito.

Usiku, tukimenya maharage sebuleni kwa mama mkubwa, nilimsimulia habari za dukani. Akacheka kwa kuridhika, kisha akasema: "Wale wa ngazi nao wangelimishwa kwanza." Vijana wa nyumba ile hawakujua anazungumza nini.

Alizungumza habari za mwaka 1955, alipokuwa mtoto. Mwaka 1950 serikali ya mkoloni ilianza Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Milima ilikuwa inamomonyoka, Ruvu ulikuwa unabeba udongo, na wataalamu wakaamua dawa ni matuta ya ngazi kwenye miteremko yote. Hoja ya mmomonyoko ilikuwa na ukweli. Lakini kazi ilikuwa ya lazima, faini ikamsubiri asiyechimba, na sehemu kubwa ya uchimbaji huo ikawaangukia wanawake juu ya kazi zao nyingine. Zaidi ya hayo, upande huu wa mashariki udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuuweka juu udongo mwekundu wa chini usiootesha kitu. Watu walipanda kwenye ngazi wakavuna kidogo kuliko zamani, walilisema hilo, na wakajibiwa kwa amri. Wengine waliamini shamba likishatengenezwa vizuri Mzungu atalichukua. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, mbele kidogo tu ya hapa Mkuyuni kwa njia hiyohiyo ya Kisaki, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Mwanaanthropolojia Pamela Maack ameandika vizuri habari hizo katika kitabu cha historia ya mazingira ya Tanzania kilichotoka mwaka 1996.

Mama mkubwa hakumbuki majina ya maofisa. Anakumbuka kamba za kupimia, na mama yake kurudi jioni na viganja vilivyopasuka, na anakumbuka kwamba bwana shamba alikuwa na viatu. Mwezi ukiisha bwana shamba alipokea mshahara wake, ngazi iwe imezaa au haikuzaa. Kama angepewa kipande cha mteremko wa Matombo, akichimbe mwenyewe na wanawe wale kutoka hapo, angeuona ule udongo mwekundu msimu wa kwanza, na ripoti yake ingesomeka vingine. Ng'ambo ya pili ya mlima, Mgeta, ngazi zilipokelewa na zipo mpaka leo, kwa kuwa kule mboga zilikubali na mchimbaji mwenyewe aliona faida sokoni. Amri ilikuwa ileile na mlima uleule. Kule Mgeta aliyechimba ndiye aliyelipwa na ngazi.

"Na waliosema?" niliuliza.

"Waliosema walitozwa faini," alijibu, akasogeza ungo.

Kijana wa Mafia alikuja kesho yake mchana, ametumwa na mjomba wake kuazima bomba, maana habari za bomba jipya zilikuwa zimeshafika kwao. Alimwamkia mama mkubwa kwa kupiga goti, akalibeba bomba tupu mgongoni na kuanza kuvuta mikanda, na mara moja akakuta kwamba wa kushoto umefungwa mfupi kuliko wa kulia, jambo ambalo mimi nililibeba njia nzima bila kulijua. Akaurekebisha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wakubwa, kama ningeweza kumsaidia kuandika barua ya kupeleka kazini kabla msimu haujafunguliwa. Hakutaka kuacha kazi, anaipenda bahari.

Tuliiandika barazani, kwenye karatasi ya daftari, mvua ikipiga bati hadi ikatulazimu kupaaza sauti. Mimi nilitaka tuanze na makato, tutaje sheria na mwaka wake, tuombe karatasi aliyosaini iletwe isomwe upya, na vifaa viwe mali ya duka. Nikaona hiyo ndiyo hoja yenye nguvu, na bado naona hivyo. Yeye alisikiliza yote, akakubali yote yaingie, lakini akaomba yakae chini. Aya ya kwanza alitaka iwe ya valvu: ni ya upande upi wa bega, inaanza kuvuja baada ya muda gani wa chumvi, ni jaketi ngapi za dukani alizoziona zikifanya hivyo, na kwamba Julai wageni wa kwanza wanafika na baadhi yao watakuwa hawajawahi kuzama.